Somalia baada ya kufutiwa madeni: mlango umefunguliwa, hazina bado haijajaa

Tarehe 13 Desemba mwaka 2023 Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, zilitangaza kwamba Somalia imetimiza masharti ya mpango wa kuzipunguzia mzigo nchi maskini zenye madeni makubwa, mpango ujulikanao kwa kifupi kama HIPC. Kwa uamuzi huo madeni yenye thamani ya dola bilioni 4 na nusu yalifutwa, na taifa hilo la Pembe ya Afrika likawa la 37 kuikamilisha safari hiyo. Deni la nje, ambalo mwaka 2018 lilikuwa sawa na asilimia 64 ya pato la taifa, lilishuka hadi chini ya asilimia 6 mwishoni mwa mwaka 2023.

Siku mbili baadaye, huko Entebbe nchini Uganda, Rais Hassan Sheikh Mohamud alitia saini mkataba wa kuiingiza Somalia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa nchi ambayo kwa zaidi ya miaka 30 ilitajwa zaidi kwa vita, njaa na uharamia, hiyo ilikuwa wiki ya aina yake.

Hata hivyo, mkaazi wa Mogadishu, Baidoa au Kismayu aliyezisikia habari hizo alikuwa na haki ya kuuliza: ikiwa dola bilioni 4 na nusu zimesamehewa, fedha hizo ziko wapi? Jibu ni kwamba hazikuwepo. Tangu ilipoporomoka serikali kuu mwaka 1991, Somalia karibu haikulipa chochote katika madeni yake ya nje. Anayesamehewa deni ambalo halilipi hapati hata senti moja ya ziada mfukoni. Somalia ilichokipata ni haki ya kuhesabiwa tena kuwa nchi inayoweza kukopeshwa, kusaidiwa na kuaminiwa. Ili kuelewa thamani ya jambo hilo, na mipaka yake, hapana budi kurudi nyuma kidogo.

Deni lilivyozaliwa

Asili ya sehemu kubwa ya madeni hayo ni utawala wa Jenerali Mohamed Siad Barre, aliyetwaa madaraka kwa mapinduzi ya kijeshi mwezi Oktoba mwaka 1969. Katika miaka yake ya mwanzo Somalia iliegemea upande wa Umoja wa Kisovieti na kupata silaha na mikopo kutoka Moscow. Vita vya Ogaden dhidi ya Ethiopia, mwaka 1977 na 1978, viliuvunja urafiki huo, kwani Wasovieti waliamua kuiunga mkono Ethiopia. Barre akaigeukia Marekani, nchi nyingine za Magharibi ikiwemo Italia, iliyowahi kuitawala sehemu ya kusini ya Somalia, pamoja na mataifa ya Kiarabu. Hivyo nchi moja maskini ikabaki inadaiwa na pande zote mbili za vita baridi.

Kufikia mwaka 1987 Somalia ilikuwa imeshaanza kushindwa kuilipa IMF. Mwezi Januari mwaka 1991 Barre alikimbia Mogadishu, na dola yenyewe ikasambaratika. Hapakuwa na wizara ya fedha wala benki kuu iliyokuwa ikifanya kazi. Wenye kudai hawakuwa hata na mtu wa kumpelekea barua.

Lakini deni halisimami kwa sababu mdaiwa ameanguka. Riba iliendelea kuhesabiwa mwaka hadi mwaka, na juu yake zikaongezwa adhabu za kuchelewesha malipo. Mtoto aliyezaliwa Mogadishu mwaka 1991 alikua, akaoa au akaolewa na kupata watoto wake mwenyewe, huku deni lililochukuliwa kabla hajazaliwa likizidi kuvimba. Ulipofika mwaka 2018 Somalia ilikuwa ikidaiwa zaidi ya dola bilioni 5, na sehemu kubwa kabisa ya kiasi hicho yalikuwa malimbikizo ya malipo yaliyopitwa na wakati.

Madhara yake hayakuwa ya kwenye vitabu vya hesabu tu. Kwa mujibu wa kanuni za Benki ya Dunia na IMF, nchi yenye malimbikizo ya madeni kwa taasisi hizo haiwezi kupatiwa fedha mpya kwa njia ya kawaida. Kwa hiyo, wakati majirani wakijengewa barabara, visima na shule kwa mikopo nafuu, Somalia ilitegemea zaidi misaada ya dharura, ambayo kwa kiasi kikubwa ilipitia mikononi mwa mashirika ya kimataifa bila kupita katika hazina ya serikali.

Kulipa deni bila ya kuwa na fedha

Serikali ya Shirikisho iliundwa mwaka 2012, na IMF ikaitambua rasmi mwezi Aprili mwaka 2013. Kuanzia mwaka 2016 Mogadishu ilikubali mageuzi ya uchumi yaliyosimamiwa na wataalamu wa IMF, bila kupewa mkopo wowote. Kilikuwa kipindi cha kujenga imani. Mwezi Septemba mwaka 2018 Benki ya Dunia iliidhinisha ruzuku ya dola milioni 80, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika miaka 27 kwa benki hiyo kuipatia serikali ya Somalia fedha moja kwa moja.

Palibakia kizingiti kimoja. Msamaha wa HIPC hauwezi kuanza kabla ya kumalizwa kwa malimbikizo yanayodaiwa na taasisi kubwa za fedha. Waswahili husema dawa ya deni ni kulipa. Je, alipe vipi asiye na kitu?

Njia iliyotumika ni hii. Mwezi Machi mwaka 2020 Norway iliikopesha Somalia kiasi cha dola milioni 359 kwa muda mfupi sana. Kwa fedha hizo Somalia ikalipa malimbikizo yake kwa tawi la Benki ya Dunia linalozihudumia nchi maskini. Deni hilo lilipokwisha kulipwa, benki hiyo ikawa na ruhusa ya kuipatia Somalia msaada mpya, na kutokana na msaada huo Norway ikarejeshewa fedha zake. Uingereza ilitoa mkopo wa aina hiyo kwa ajili ya malimbikizo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika, na Italia kwa yale ya IMF. Fedha zilizunguka na kurudi zilikotoka, lakini zilipomaliza mzunguko wake Somalia ilikuwa imeacha kuwa mdaiwa sugu.

Tarehe 25 Machi mwaka 2020, dunia ikiwa inafunga mipaka yake kwa hofu ya virusi vya corona, Somalia ilitangazwa kuwa imefikia hatua ya uamuzi, yaani hatua ya kwanza ya msamaha. Siku sita baadaye Klabu ya Paris, inayozijumuisha nchi kubwa zinazotoa mikopo, ilifuta dola bilioni 1.4. Msamaha kamili ulisubiri hatua ya pili, hatua ya ukamilisho, na kabla ya kuifikia yalikuwapo masharti 14 ya kutimizwa.

Kwamba hatua hiyo ya pili haiji yenyewe, Sudan ni shahidi. Nchi hiyo, iliyokuwa ikidaiwa zaidi ya dola bilioni 50, ilifikia hatua ya uamuzi mwezi Juni mwaka 2021. Tarehe 25 Oktoba mwaka huo huo majenerali walipindua serikali ya mpito, wafadhili wakasimamisha misaada, na mwezi Aprili mwaka 2023 vita vikazuka Khartoum. Msamaha wa Sudan ukakwama njiani.

Somalia nayo ilikaribia kuteleza. Muda wa Rais Mohamed Abdullahi Mohamed, maarufu kwa jina la Farmaajo, ulimalizika mwezi Februari mwaka 2021 bila ya uchaguzi kufanyika. Mvutano ulioendelea hadi alipochaguliwa Hassan Sheikh Mohamud mwezi Mei mwaka 2022 uliwafanya wafadhili kuzuia misaada ya bajeti. Hata hivyo kazi za kitaalamu katika wizara ya fedha ziliendelea chini ya marais wote wawili, na wadadisi wengi wanaliona hilo kuwa ndilo lililoiokoa safari hiyo.

Masharti na maana yake

Masharti yenyewe yaligusa mambo ambayo katika nchi nyingine huonekana ya kawaida. Serikali ilitakiwa kutunga na kutekeleza sheria ya usimamizi wa fedha za umma, kutangaza takwimu za madeni yake kila baada ya miezi mitatu, kuwa na sheria za makampuni na za umeme, na kuoanisha ushuru wa forodha katika bandari zake. Sambamba na hayo, mishahara ya wanajeshi ilianza kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti zao, badala ya fedha taslimu kupitia mikononi mwa makamanda. Askari aliyekuwa akisubiri mshahara kwa miezi kadhaa aliweza kuiona tofauti hiyo hata kama hakuwahi kulisikia jina la HIPC.

Mkondo wa misamaha uliendelea. Mwezi Julai mwaka 2023 Urusi ilikubali kufuta dola milioni 684, deni lililorithiwa kutoka enzi za Kisovieti. Mwezi Machi mwaka 2024 nchi za Klabu ya Paris ziliafikiana kufuta dola bilioni 2 zilizosalia. Na mwezi Novemba mwaka 2024 Marekani ilitia saini mjini Mogadishu makubaliano ya kufuta zaidi ya dola bilioni 1.1, deni lililotokana na mikopo ya wakati wa Barre na riba yake.

Tofauti na Tanzania na Uganda

Nchi nyingi za Afrika Mashariki na Kati zimewahi kupita njia hii. Uganda ilikuwa ya kwanza duniani kunufaika na mpango huo, mwaka 1998. Tanzania ilifuata mwaka 2001, Rwanda mwaka 2005, Burundi mwaka 2009 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2010. Kwa sababu hiyo wasikilizaji wengi wanaposikia neno msamaha wa madeni hukumbuka shule. Tanzania ilifuta ada za shule za msingi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Uganda ilianzisha mfuko maalumu wa kupambana na umaskini ili fedha zilizookolewa zionekane zinakokwenda.

Tofauti ni kubwa. Tanzania na Uganda zilikuwa nchi zinazolipa. Kila mwaka sehemu ya kodi zao ilikwenda kwa wenye kudai, na mzigo ulipopunguzwa fedha hizo zilibaki nyumbani, zikaweza kujenga madarasa na kununua dawa. Somalia haikuwa na fedha za kubakiza. Kwa upande wake faida huja kwa njia ndefu zaidi: ruzuku na mikopo nafuu ambayo zamani isingewezekana, wawekezaji wasioikwepa nchi kwa sababu ya jina lake, na mabenki ya nje yasiyoogopa kushirikiana na taasisi zake.

Hili la mabenki linawagusa kwa karibu Wasomali waishio London, Minneapolis, Nairobi au Dubai. Inakadiriwa kwamba fedha wanazozituma nyumbani hukaribia dola bilioni 2 kwa mwaka, na familia nyingi huishi kwa fedha hizo. Lakini mwaka 2013 benki moja kubwa ya Uingereza ilitangaza kuyafungia akaunti makampuni ya kutuma fedha, na mwaka 2015 benki ya Marekani iliyokuwa ikiwahudumia Wasomali ilifanya vivyo hivyo, zote zikihofia sheria dhidi ya fedha haramu. Benki kuu inayosimamiwa vizuri ni sehemu ya tiba ya tatizo hilo. Kufutwa kwa madeni peke yake hakuwezi kuliondoa.

Nani anayetoza kodi?

Mtihani mkubwa zaidi umo ndani ya nchi. Mapato ya ndani ya Serikali ya Shirikisho yalikuwa kiasi cha dola milioni 230 mwaka 2019, na mwaka 2023 yakapanda hadi kiasi cha dola milioni 330. Ni hatua ya maana, lakini bado ni fedha kidogo kwa nchi yenye mamilioni ya watu. Bajeti ya mwaka 2024 ilizidi dola bilioni 1, na takriban theluthi mbili yake ilitarajiwa kutoka kwa wafadhili.

Sehemu kubwa ya mapato hayo hutoka katika bandari na uwanja wa ndege wa Mogadishu. Ushuru wa Bosaso hubaki Puntland, na wa Kismayu hubaki Jubaland. Berbera, mojawapo ya milango mikuu ya kusafirishia mifugo kwenda Saudi Arabia, imo mikononi mwa Somaliland, iliyojitangazia uhuru mwaka 1991. Mwezi Machi mwaka 2024 Puntland nayo ilitangaza kutoitambua tena Serikali ya Shirikisho, ikipinga mabadiliko ya katiba. Kugawana mapato baina ya serikali kuu na majimbo ni suala la kisiasa kabla ya kuwa la kihasibu.

Kisha yuko mtoza kodi mwingine. Taasisi ya utafiti ya Hiraal ya mjini Mogadishu ilieleza mwaka 2020 kwamba kundi la al-Shabaab hukusanya angalau dola milioni 15 kila mwezi, na zaidi ya nusu ya fedha hizo hutoka Mogadishu kwenyewe. Mfanyabiashara anayelipa pande mbili, mmoja akimtishia kwa sheria na mwingine kwa bunduki, hana hamu ya kusikia habari ya kodi mpya. Ndiyo maana mwaka 2024, serikali ilipoanza kutoza kodi ya mauzo ya asilimia 5 kwa njia ya elektroniki, wafanyabiashara wa soko la Bakara walinung'unika na kuipinga. Wanasubiri kuona usalama, barabara na umeme vinavyolingana na kile wanachotozwa.

Misaada inapokatika

Hatari ya kuutegemea mkono wa mwingine ilidhihirika mwaka 2025. Mwezi Januari serikali ya Rais Donald Trump ilisimamisha misaada ya nje ya Marekani, na kufikia mwezi Julai shirika la misaada la nchi hiyo, USAID, lilikuwa limefungwa rasmi. Wafadhili wengine nao walipunguza bajeti zao. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, likatangaza kwamba idadi ya Wasomali wanaopata msaada wake wa dharura itapungua kutoka milioni 1 na laki 1 mwezi Agosti mwaka huo hadi laki 3 na nusu mwezi Novemba.

Haya si mambo ya takwimu tupu katika nchi hiyo. Njaa ya mwaka 2011 iliua takriban watu 260,000, na inakadiriwa kwamba nusu yao walikuwa watoto wa chini ya umri wa miaka mitano. Misimu mitano mfululizo ya mvua iliyokosekana kati ya mwaka 2020 na 2023 iliwaangamiza mifugo na kuwahamisha watu kwa mamia ya maelfu. Wataalamu wa afya walikadiria vifo 43,000 vya ziada kwa mwaka 2022 pekee, ingawa baa la njaa lenyewe liliepukwa kwa sababu misaada iliongezwa. Mtu anayengoja chakula katika kambi ya Baidoa hawezi kungoja miaka kumi hadi mamlaka ya mapato iimarike.

Funzo la majirani

Kufutiwa madeni hakumzuii mtu kukopa upya. Zambia ilipata msamaha wake mwaka 2005, na ilipofika mwezi Novemba mwaka 2020 ikashindwa kulipa riba ya hati zake za mkopo. Ghana ilisamehewa mwaka 2004 na kusimamisha malipo ya sehemu kubwa ya madeni yake ya nje mwezi Desemba mwaka 2022. Ethiopia, jirani wa Somalia, ilifikia hatua ya ukamilisho mwaka 2004. Mwezi Desemba mwaka 2023, ule ule ambao Mogadishu ilisherehekea, Ethiopia ilishindwa kulipa riba ya dola milioni 33.

Nchi hizo hazikuanguka kwa sababu moja. Zipo zilizokopa kwa riba kubwa katika masoko ya kimataifa, na zote ziliguswa na janga la corona au vita. Kinachofanana ni kwamba baada ya kusamehewa zilikopa kwa kasi kuliko zilivyoongeza uwezo wa kukusanya mapato. Somalia imeahidi kujiepusha na mikopo ya masharti magumu, na sheria yake inataka madeni yatangazwe hadharani. Ahadi hiyo itapimwa siku mkopeshaji atakapobisha hodi na mkataba mnono, ukiwa na masharti yasiyosomwa bungeni.

Kwa hiyo, kilichobadilika tarehe 13 Desemba mwaka 2023 si kiasi cha fedha kilichomo katika hazina ya Mogadishu. Somalia iliondolewa kifungo kilichoifanya izuiwe kwa makosa ya watawala ambao wengi wa raia wake wa leo hawakuwajua. Yanayofuata yanahusu mapatano baina ya Wasomali wenyewe: nani atoze, nani agawiwe, na mlipa kodi arudishiwe nini. Wafadhili wanaweza kuwapa muda wa kupatana, na wakikata misaada ghafla wanaweza kuwanyang'anya muda huo. Mapatano yenyewe hayawezi kuletwa kwa mkopo wala kwa msaada.